Gari Dogo la Zamani Likichemsha: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri

Toyota Starlet ya zamani iliacha kutengenezwa mwaka 1999, lakini bado tunapishana nayo barabarani kila siku, pamoja na magari mengine madogo ya umri huo. Gari la namna hii linapoanza kuchemsha, mwenye gari hushikwa na haraka ya kubadilisha kitu: leo rejeta, wiki ijayo pampu ya maji, mwisho wa mwezi feni, na fedha zinakwisha huku gari likiendelea kuchemsha. Ni afadhali kwanza ujiulize linachemsha wakati gani, kwa sababu gari linalochemsha kwenye foleni tu halina ugonjwa mmoja na lile linalochemsha likipanda mlima, wala na lile linalochemsha dakika chache baada ya kuwashwa asubuhi.

Likianza kukuchemshia njiani, zima kiyoyozi na uwashe hita hadi mwisho, kwa kuwa hita huchota sehemu ya joto la injini, kisha tafuta mahali salama pa kuegesha na uzime injini. Ukiona mvuke, usiendelee hata mita mia. Kifuniko cha rejeta usikiguse kwa angalau nusu saa, na hata baada ya hapo kifunike kwa kitambaa kinene na ukizungushe kidogo kidogo. Vifuniko vingi vya magari haya vimeandikwa 0.9, maana yake vinazuia presha ya bar 0.9, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119 za Selsiasi. Ukikifungua ghafla, maji yenye nyuzi 110 hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Usimwagie injini maji baridi pia, kwani hedi, yaani kipande cha chuma kinachofunika injini kwa juu, inaweza kupasuka au kupinda.

Kifuniko hichohicho ndicho kifaa cha bei ndogo kinachosahauliwa zaidi. Mpira wake ukikauka au springi yake ikilegea, presha haikai, na maji huanza kuchemka mapema kuliko inavyotakiwa. Wakazi wa Nairobi na Mbeya hulihisi tatizo hili upesi zaidi, kwa kuwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 maji yasiyo na presha huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi.

Injini ikiwa imepoa kabisa, yaani asubuhi kabla ya kuwashwa, fungua kifuniko uangalie kiasi cha maji. Ikiwa unalazimika kuongeza kila wiki, maji yanavuja mahali fulani: tafuta alama za rangi zilizokauka kwenye maungio ya mipira, chini ya pampu ya maji na kwenye kingo za rejeta, halafu shika zulia la upande wa abiria, kwa sababu hita ikitoboka hulowanisha sehemu hiyo. Angalia pia ni maji gani yaliyomo. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi wetu Dar es Salaam huyajaza bila kufikiri, huacha ukoko ndani ya rejeta na kula chuma. Changanya kulanti, yaani dawa maalumu ya maji ya rejeta, na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu, hata kama unaishi mahali pasipo na baridi ya kugandisha maji, kwani kulanti huzuia kutu na huchelewesha kuchemka.

Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa linapopata mwendo, mshukiwa wa kwanza ni feni. Washa kiyoyozi: katika magari mengi yenye feni ya umeme, feni inapaswa kuanza kuzunguka mara moja. Isipozunguka, kagua fyuzi, kisha relei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), kisha mota yenyewe kwa kuipa umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini isiwake injini inapopata joto, chunguza swichi ya joto pamoja na nyaya zake. Kuna kosa jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulipita: mota ikibadilishwa na nyaya zikageuzwa, feni huzunguka kinyume na kusukuma upepo mbele badala ya kuuvuta. Weka kipande cha karatasi mbele ya rejeta feni ikiwa inafanya kazi; kinapaswa kunata kwenye rejeta, si kupeperushwa.

Likichemsha kwenye kasi au kwenye mlima kama Kitonga, ambako hata malori hulazimika kupumzika, feni haina lawama kubwa, kwa sababu tatizo ni mzunguko wa maji au uwezo wa rejeta. Kagua kwanza kama matope na wadudu hawajaziba mapezi ya rejeta, hasa katika nafasi iliyo kati yake na kondensa ya kiyoyozi, na uyaoshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi kutoka upande wa injini. Kisha mtu akanyage mafuta huku wewe ukitazama mpira wa chini kwa mbali: ukinywea, ama umechoka au rejeta imeziba ndani. Angalia pia kama mkanda unaozungusha pampu umelegea.

Likichemsha mapema, huku mpira wa juu ukiwa wa moto na wa chini ukiwa baridi, thamostati, yaani vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, huenda imekwama ikiwa imefungwa. Itoe, itumbukize katika sufuria ya maji jikoni na uyapashe moto taratibu. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi zilizogongwa juu yake, ambazo mara nyingi ni 82.

Hapa nina ugomvi wa siku nyingi na desturi ya kuitoa thamostati na kuitupa. Mjini gari huonekana limepona, lakini injini haifikii joto lake, kompyuta huendelea kumimina petroli nyingi, na ulaji wa mafuta hupanda. Tena katika injini ambazo thamostati huziba pia njia ya mkato ya maji, kuiondoa huacha sehemu ya maji ya moto ikizunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari litachemsha mlimani vilevile. Thamostati mpya ni rahisi kuliko lita unazopoteza.

Ikiwa yote hayo ni mazima, shuku gasketi ya hedi, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya hedi na bloku ya injini. Dalili zake ni mipira kuwa migumu muda mfupi baada ya kuwasha injini iliyopoa, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, moshi mweupe wenye harufu tamu, au oili inayofanana na chai ya maziwa. Ukiona mojawapo, acha kuliendesha. Fundi akiifungua hedi, sharti aipime kwa rula ya chuma kabla ya kuweka gasketi mpya, kwani iliyopinda itaiunguza tena.

Baada ya matengenezo yoyote yaliyomwaga maji, toa hewa iliyonaswa. Egesha gari pua ikiwa juu kidogo, weka hita kwenye joto la juu, jaza taratibu kifuniko kikiwa wazi, na uache injini ikiunguruma huku ukiongeza maji kila yanaposhuka, mpaka thamostati ifunguke na feni iwake na kuzima mara 2. Funga, zunguka nalo karibu na nyumbani, na kesho yake asubuhi pima tena kiasi cha maji kabla ya kwenda safari ndefu.