Nanoemalsheni ya vitamini E isiyojitenga

Nanoemalsheni ni vitone vya mafuta vilivyotawanyika majini, kipenyo chake kwa kawaida nanomita 20 hadi 200. Wanaoanza huhangaikia mashine. Mimi huanza na mafuta, kwani uimara huamuliwa hapo.

Hatua ya 1. Kwa gramu 100 za mchanganyiko, pima gramu 4 za mafuta ya mahindi na gramu 1 ya vitamini E, kisha koroga. Vitamini E ikiwa peke yake ni nzito mno, haipasuki kirahisi, mafuta huilegeza. Usijaribu mafuta ya kunukia, kama ya karafuu, yakiwa peke yake. Huyeyuka kidogo majini, yakahama kutoka vitone vidogo kwenda vikubwa, na muda si mrefu vitone vinavyobaki vimenenepa. Hapo hata uongeze nguvu ya mashine namna gani, tatizo litarudi. Mafuta ya mahindi karibu hayayeyuki majini kabisa, ndiyo maana huuzuia uhamaji huo. Ukilazimika kutumia ya kunukia, yachanganye nayo.

Hatua ya 2. Yeyusha gramu 5 za polisobeti 80, kiambato kinachosaidia mafuta na maji kushikana, katika gramu 90 za maji yaliyoondolewa madini.

Hatua ya 3. Washa homojenaiza, yaani mashine ya kukoroga kwa kasi kubwa, mizunguko 10,000 kwa dakika, na umimine mafuta kidogo kidogo. Dakika 3 zinatosha. Utaona weupe wa maziwa.

Hatua ya 4. Tumbukiza chombo kwenye barafu, kisha zamisha ncha ya ultrasoniki, inayopasua vitone kwa mawimbi ya sauti: sekunde 5 ifanye kazi, sekunde 5 ipumzike, jumla dakika 10. Tafadhali usiruke barafu. Joto huharibu vitamini na kuvifanya vitone vigongane na kuungana. Mimi sivuki nyuzi 40. Ncha nayo hudondosha chembe za titani, kwa hiyo zungusha mchanganyiko kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi hadi vizito vizame, uzitoe.

Hatua ya 5. Ukiona weupe umepungua na rangi ya samawati hafifu inajitokeza, vitone vimekuwa vidogo. Jicho halitoshi, hata hivyo. Pima kwa kifaa cha mtawanyiko wa mwanga, kinachokadiria ukubwa wa vitone kwa mwanga, ukilenga kipimo cha tofauti za ukubwa kisichozidi 0.2. Gawa sampuli, uzihifadhi katika nyuzi 4, 25 na 40, upime tena siku ya 7, 14 na 28.

Hifadhi kwenye chupa nyeusi iliyojazwa hadi shingoni. Vitone vidogo vina eneo kubwa la kukutana na oksijeni, na vitamini E huharibiwa na oksijeni polepole humo hata kama hakuna tabaka lililojitenga. Kwa bidhaa itakayokaa rafuni, tumia asetati ya vitamini E, maana huhimili oksijeni vizuri zaidi.