Kutoka piano hadi hapsikodi: anza na kidole kimoja

Mpiga piano akija kwangu kujifunza hapsikodi, ala ya zamani ya vitufe inayofanana na piano, kwanza namwambia apunguze nguvu. Hata ukandamize kama unakanda chapati, sauti ni ile ile. Piano ina nyundo inayogonga waya. Hapa kitufe kinapandisha kijiti kiitwacho jeki (si ya gari), na ncha ya unyoya iliyochomekwa humo inaidonoa waya. Zamani walitumia unyoya wa kunguru, siku hizi wengi wetu plastiki. Nikikumbuka kunguru wa Dar, nasema utajiri ule!

Weka kidole kimoja juu ya kitufe, ukishushe polepole mpaka uhisi kitu kinakuzuia. Hapo unyoya umeigusa waya. Simama. Sasa ongeza kidogo tu: tak! Kiachie polepole vilevile, usikie unyoya ukiipangusa waya unaporudi chini, kabla kitambaa kilicho kwenye jeki hakijainyamazisha. Nilitokea kwenye kinanda cha kanisani Moshi, kwa hiyo zoezi hili lilinichukua wiki nzima. Jirani alidhani nina panya.

Mkazo utautafuta kwenye muda. Ukitaka noti isikike kubwa, iachie mapema iliyoitangulia. Kimya kile kifupi ndicho kinaipa uzito. Ukitaka ulaini, zishikilie zipandane.

Kutyuni ujifunze mwenyewe. Muziki wa baroko, yaani wa Ulaya wa enzi za mtunzi Bach, mara nyingi naweka noti ya A kwenye hezi 415 (mitetemo kwa sekunde) badala ya 440, karibu nusu toni chini. Hapa Leipzig, Ujerumani, wakiwasha hita msimu wa baridi, mbao zinakauka na kazi ya jana yote imepotea.

Halafu usiishie kwa Bach. Mtunzi György Ligeti aliandika Continuum, kipande cha hapsikodi, mwaka 1968, na inataka ala yenye safu mbili za vitufe, maana mikono yote miwili inagombea noti zile zile. Inaanza na G na B-flati tu, mkono mmoja ukipanda, mwingine ukishuka, kwa kasi ya kufanya noti ziyeyuke ziwe mvumo mmoja. Yote iishe chini ya dakika 4. Mimi nilikuwa nainua vidole kipiano, mkono ukakaza dakika ya kwanza haijaisha. Vidole visiachane na vitufe: kiachie kitufe mpaka unyoya upite chini ya waya, basi, ubonyeze tena. Piga sekunde 10, pumzika, rudia. Mkono ukiuma, funika ala ukanywe chai. Ukirudi, pitia noti moja moja. Inayodonoa kwa unyonge, plastiki yake imechoka, ibadilishe.