Kukuza Biashara ya ATM za Maziwa kwa Kununua za Wenzako

Mwenye ATM moja ya maziwa, yaani mashine inayommiminia mteja maziwa aliyolipia, jijini Nairobi akitaka ya pili, mara nyingi hukimbilia kwa fundi kuagiza mashine mpya, ilhali huenda mtaa wa pili yupo mwenzake aliyechoka na biashara hiyo na anatafuta wa kumwachia. Ukitaka kununua za wenzako, anza na mashine zilizo kwenye njia ambayo gari lako la maziwa hupita tayari, kwani ATM iliyo upande wa pili wa jiji itakula faida yake kwa mafuta.

Mwombe muuzaji rekodi za miezi 12: taarifa ya tili ya M-Pesa (namba inayopokea malipo ya wateja kwa simu), stakabadhi za aliyemletea maziwa, na hesabu ya lita ambayo mashine yenyewe imehifadhi. Miezi mitatu haitoshi, kwa kuwa kiangazi cha Januari hadi Machi hupunguza maziwa na kupandisha bei. Kisha linganisha. Lita zilizouzwa zikizidi zilizonunuliwa, ama wateja wanapunjwa, ama maziwa yanaongezwa maji.

Kupunjwa kunapimika papo hapo. Nenda na jagi la kupimia, agiza lita moja mara tano, ungoje povu litulie kila mara ndipo usome. Tuchukulie mashine inauza lita 150 kwa siku, maziwa yananunuliwa kwa shilingi 65 na kuuzwa kwa 80. Kipimo kikiwa kamili, faida ghafi ni shilingi 67,500 kwa mwezi. Ukitoa kodi ya duka, mshahara, umeme na matengenezo, tuseme 42,500, zinabaki 25,000. Sasa jagi likionyesha mililita 950, muuzaji amekuwa akibakisha lita 7.5 kila siku, yaani takriban shilingi 14,600 kwa mwezi kwa bei ya kununulia, na faida anayokuonyesha ni kama 39,600. Ukirekebisha kipimo, kama sheria ya vipimo inavyotaka, zaidi ya theluthi ya faida uliyoonyeshwa inayeyuka, zinabaki zile 25,000. Bei ikadiriwe kwa kile kitakachobaki; mimi singelipa zaidi ya faida halisi ya mwaka mmoja, hata tangi likiwa linang'aa namna gani.

Kabla ya kutoa hata shilingi, zungumza na mwenye jengo. Mkataba wa kodi ukibaki kwa jina la muuzaji, umenunua friji yenye bomba tu, na wapo wenye majengo watakaodai gudwili (ada ya kupewa duka) mpya mara wasikiapo duka limebadilisha mkono. Mwombe mwenye jengo mkataba mpya wa maandishi kwa jina lako. Leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya, kibali cha biashara cha kaunti na tili vyote viombwe kwa jina lako, na muuzaji atie sahihi kwamba hatafungua ATM nyingine karibu na hapo kwa muda mtakaokubaliana.

Usilipe yote kwa mkupuo. Lipa sehemu kubwa siku ya makabidhiano, na theluthi moja ibaki kwa siku 90, ambazo zinatosha kufichua kompresa ya kupoza maziwa iliyochoka.

Aliyekuwa akihudumu hapo mbakishe, akikubali. Ndiye anayejua ni mama yupi hupokea maziwa asubuhi na kulipa jioni, na deni hilo haliandikwi kwenye rekodi yoyote utakayopewa.