Mwanasesere wa karatasi: muuza dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza

Andaa manila nyeupe ya gramu 200 kwa ajili ya mwili, karatasi ya kuchorea ya gramu 120 kwa ajili ya nguo, penseli ya HB, kalamu ya wino usioyeyuka majini, rangi za maji na mkasi mdogo wenye ncha kali.

Hatua ya 1: Mwili. Chora mwanamke wa sentimita 20 aliyesimama wima, amevaa shimizi ya kubana. Mikono iachane na kiwiliwili kwa sentimita 1. Ikigusa kiuno, nguo haivaliki, na ukishakata hakuna dawa. Shingo ndiyo huvunjika kwanza, kwa hiyo bandika ukanda wa manila nyuma, kuanzia kisogoni hadi mgongoni.

Hatua ya 2: Rangi. Wino kwanza, ukauke, ndipo rangi. Manila hujikunja kwa sababu imelowa upande mmoja tu. Pitisha brashi ya maji safi upande wa nyuma, kisha ilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha. Wakati wa masika iache siku nzima zaidi. Usikate kabla haijakauka, mkasi utachana.

Hatua ya 3: Nguo. Hapa ndipo penye kazi. Mlaze mwanasesere juu ya karatasi, mzungushie penseli, kisha chora nguo ikizidi mstari huo kwa milimita 1 au 2.

Kanga halisi ina kimo cha karibu sentimita 110. Mwanasesere huyu ni moja ya nane ya mtu, hivyo kanga yake ni sentimita 14. Kutoka kiunoni hadi kifundoni zinatosha 11. Zilizobaki zichore kama mkunjo kiunoni. Pindo lisizidi sentimita 2. Wengi huchora maua makubwa mno, na kanga ikaonekana pazia. Jina la kanga, yaani maneno yake, likae juu ya pindo la chini, herufi za milimita 2, liandikwe kabla ya kukata.

Beseni lichore pamoja na ngata yake. Nyuma ya ngata gundisha ukanda kwenye ncha zake mbili tu, kichwa kipite katikati. Mng'ao wa dagaa ni karatasi nyeupe iliyoachwa wazi kati ya vistari vya kijivu.

Hatua ya 4: Vishikizo. Ni vipande vinavyotokeza ukingoni mwa nguo na kukunjwa nyuma ya mwanasesere ili ishike. Upana milimita 8, urefu 12. Blauzi viwili mabegani, kanga viwili kiunoni na viwili nyongani. Vifupi hufyatuka. Weka alama ya X kwenye kila kimoja kabla ya kukata, maana mkasi huvipitia kwa urahisi sana. Penye mkunjo, kandamiza mstari kwa rula na kalamu iliyoisha wino.

Hifadhi nguo zikiwa zimelazwa, vishikizo vimekunjuliwa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Unyevu wa ziwani ukiingia, karatasi hulegea na kishikizo hakishiki tena.