Kupiga Picha za Magari Yaliyo Juu ya Mawe: Mwongozo wa Asubuhi Moja Mombasa

Katika mji wa Mombasa gari huzeeka upesi. Hewa ya baharini hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu na kuushikilia juu ya bati, na bati lililochubuka rangi huanza kuliwa na kutu kabla mwenyewe hajatambua. Ndiyo maana nyuma ya karakana za Changamwe, Miritini na Kisauni hukosi kukuta gari ambalo limekaa juu ya mawe miaka mingi, magurudumu yameondolewa, kunguru wametua juu ya paa lake na magugu yamepenya sakafuni. Kwa mpiga picha magari hayo ni hazina, ila ushauri wangu mkuu nautanguliza hapa: chagua gari moja tu, ulitengee asubuhi nzima. Anayezunguka magari ishirini kwa saa mbili hurudi na kutu ile ile mara ishirini, na hakuna hata gari moja alilolijua.

Anza na mwenye gari kabla ya gari lenyewe. Gari linaloonekana kutelekezwa huwa lina wenyewe: pengine ni urithi ambao ndugu hawajaafikiana, pengine limeshikwa kwa deni la ufundi, pengine mzee angali anatafuta spea ambayo haitengenezwi tena. Nenda siku moja kabla bila kamera, piga hodi, mwamkie mzee wa karakana, kisha eleza unachotaka na picha zitakwenda wapi. Epuka adhuhuri ya Ijumaa, kwani mafundi wengi huwa msikitini. Nasema haya kwa kuwa nimewahi kupenyeza lenzi kwenye upenyo wa lango bila kuomba ruhusa. Vijana waliokuwa ndani walinidhania mpelelezi wa wanunuzi wa chuma chakavu, nikafuta picha zote mbele yao, na haki ilikuwa yao.

Zipo pia sehemu za kuepuka kabisa. Eneo la bandari na kivuko cha Likoni si mahali pa kutoa kamera, na magari yaliyozuiliwa katika viwanja vya vituo vya polisi yaache yalivyo, hata yakivutia namna gani. Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.

Ukishakubaliwa, uliza historia ya gari kabla ya kuinua kamera, kwa sababu jibu utakalopewa ndilo litakalokuonyesha pa kusimama. Katika karakana moja ya Changamwe nilionyeshwa pikapu ya Peugeot 504 ambayo mche wa mwarobaini ulikuwa umechipuka penye injini na kutokeza juu ya boneti. Kwa kuwa mche ule ndio ulionivutia, nilikuwa nimekwisha kuulenga, mpaka fundi aliponieleza kwamba gari lile lilikuwa likibeba samaki. Nikazunguka nyuma. Sakafu ya pikapu ilikuwa imetoboka kwa mistari, mmoja kandokando ya mwingine, mahali maji ya barafu na chumvi yalipokuwa yakitiririka safari baada ya safari, na katika mfereji mmoja palikuwa bado pamegandamana magamba machache, makavu, yenye mng'ao wa lulu. Picha ya magamba yale ndiyo niliyoichapisha. Ya mwarobaini sijaichapisha hadi leo.

Kuhusu mwanga, kumbuka kwamba Mombasa iko takriban nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta. Jua huchomoza takriban kati ya saa 12 na saa 12 na nusu asubuhi mwaka mzima, nalo hupanda wima, hivyo ule mwanga laini wa dhahabu haudumu. Uwe umefika, umekwisha kusalimiana na umeweka stendi ya kamera kabla ya jua kutoka. Kufikia saa 3 vivuli huwa vikali, na mwezi Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, likalifuta kila bonde na kila kovu la bati. Siku ya mawingu isikuvunje moyo, na baada ya manyunyu rangi ya kutu hukolea, ikawa nyekundu kama udongo wa Taita. Ukilala katika chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa hivi baada ya kutoka nje, la sivyo lenzi itajaa ukungu wakati ule ule unaoihitaji.

Kamera ikipimia bati jeusi hudhani mandhari yote ni ya giza, ikaongeza mwangaza kupita kiasi. Punguza stopu moja hivi, yaani mwanga unaoingia uwe nusu, ili bampa inayong'aa isigeuke doa jeupe. Mizania ya rangi, yaani mpangilio wa kamera unaoamua rangi zionekane za joto au za baridi, iweke kwenye alama ya jua badala ya kuiachia kamera, kwa kuwa kamera ikijiamulia yenyewe huipoza rangi ya machungwa ya kutu, nayo ndiyo uliyoifuata. Kichujio cha poleraiza huondoa mng'ao juu ya kioo na juu ya rangi ya gari, lakini hakifanyi kazi juu ya chuma kitupu, kwa hiyo usipoteze muda kukizungusha mbele ya kromu. Tundu la lenzi la f/8, yaani uwazi wa wastani wa kupitisha mwanga, linatosha kwa picha nyingi za karibu. Anayetumia simu hapungukiwi kitu, mradi aifute lenzi yake kwanza.

Tazama pia gari limeundwa kwa kitu gani. Land Rover za zamani zilitengenezwa bodi kwa aloi ya alumini juu ya fremu ya chuma. Bodi hupauka na kufanya unga mweupe huku fremu chini ikiliwa na kutu nyekundu, na tofauti hiyo ya rangi mbili yafaa kupigwa picha ukiwa umechuchumaa. Gari la bati la chuma huanza kuharibika chini ya milango na kwenye mikunjo ya madigadi, ambako rangi hufura kama malengelenge kabla ya kupasuka.

Vaa viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu, na uhakikishe chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Usiingie chini ya gari lililo juu ya mawe, hata kama fundi mwenyewe huingia. Gonga mlango kwa kijiti kabla ya kuufungua, kwani nyigu hupenda kujenga ndani ya dashibodi na nyoka hupenda kivuli cha viti, na kabla ya kusukuma majani kando tazama kama hakuna upupu, ambao vinyweleo vyake vitakuwasha hata usiweze kushika kamera.

Namba za usajili zifiche kabla ya kuzitoa picha hadharani, isipokuwa mwenyewe ameridhia. Nyumbani futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, maana chumvi inayokula gari hula pia vifungo vya kamera. Kisha chapisha picha moja kwenye karatasi, umpelekee mzee. Mimi nilipeleka ile ya magamba. Fundi aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya grisi, akaitazama kitambo bila kusema, kisha akaniongoza nyuma ya ukuta, akafunua turubai lililokuwa limefunika Land Rover isiyo na kioo cha mbele, akaniambia nije Jumamosi.