Somo: Kufuatilia historia ya ukaguzi wa gari kabla hujatoa pesa

Hapa Malindi mtu akienda kuona gari, jambo la kwanza ni kufungua boneti na kusikiliza injini. Injini iacheni kwanza. Injini huoshwa, hutiwa oili nzito, ikatulia mpaka gari liuzike. Karatasi za ukaguzi ndizo ngumu kuzinyamazisha, maana kila moja iliandikwa na mtu mwingine, mwaka mwingine, asiyemjua dalali wako. Kazi yako ni kuzipanga kwa tarehe na kuangalia kama zinakubaliana.

Hatua ya 1: Nambari ya chesisi

Nambari ya usajili gari limepewa baada ya kuingia Kenya. Mambo yake ya nyuma yote yanafuata nambari ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye fremu ya gari. Magari yaliyouzwa ndani ya Japani hayana ile nambari ya herufi na tarakimu 17; yana alama za modeli, kistari, kisha tarakimu. Toyota Fielder nyingi za toleo la 2006 huanza na NZE141, Toyota Probox nyingi za zamani NCP51. Itafute pale ilipogongwa kwenye bati lenyewe, usitosheke na kibati, kwani kibati hung'oka. Pitisha kidole. Tarakimu ziwe na kina kimoja, na rangi ya pembeni isiwe mpya kuliko ya kwingine. Halafu linganisha na logibuku (hati ya umiliki wa gari), herufi kwa herufi.

Hatua ya 2: Rekodi za hapa nyumbani

Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), uombe rekodi ya gari. Ada yake haifiki shilingi elfu moja. Itoe wewe mwenyewe. Ukurasa uliochapwa na muuzaji usiupokee hata akiapa. Tazama jina la mwenye gari, chesisi, na kama kuna benki au kampuni ya mikopo inayolishikilia. Jina la benki likiwapo, hakuna kutoa hata shilingi ya kishika-gari mpaka litolewe.

Matatu na magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka, kwa hiyo mwenyewe anapaswa kuwa na ripoti. Gari la binafsi huenda halijaguswa na mkaguzi tangu lishuke melini. Ndiyo maana karatasi za ng'ambo zina uzito mkubwa.

Hatua ya 3: Karatasi za Japani

Hapa tukae kidogo. Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo huitwa shaken, na kilomita huandikwa. Gari likifutwa usajili ili lisafirishwe, hutolewa cheti cha kusafirishia nje, nacho pia kina kilomita. Muuzaji wa kweli atakuwa na nakala, au anajua wakala aliyemtolea gari bandarini.

Tuseme Fielder ilisajiliwa Japani mara ya kwanza mwaka 2015. Ukaguzi ulitakiwa 2018, 2020 na 2022. Karatasi ya shaken ikisema kilomita 74,000 za mwaka 2020, na leo dashibodi inasoma 61,000, mazungumzo yamekwisha. Usibishane, aga uondoke.

Probox ya mizigo ina faida ambayo wengi hawaijui. Kule huhesabiwa gari la kazi, hivyo hukaguliwa likiwa na miaka 2, kisha kila mwaka. Historia yake ni nene kuliko ya Fielder. Mimi Probox yenye kilomita 160,000 zinazofuatana vizuri naichukua kabla ya Fielder ya 60,000 isiyo na karatasi.

Kuna pia karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari iliyoandikwa kwenye mnada wa Japani. Gredi 4 au 4.5 ni gari zuri. R au RA limewahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni bati lililonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Karatasi hizi hughushiwa sana, hivyo hakikisha chesisi, tarehe ya mnada na kilomita vinaafikiana na cheti cha kusafirishia.

Hatua ya 4: Gari nalo liseme

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: mara nyingi kuna lebo yenye mwaka wa kutengenezwa. Tairi nazo zina tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha lala chini ya gari. Karatasi za Japani haziwezi kukwambia gari lilifanya nini baada ya kufika kwetu, na lililopiga kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni utalijua kwa kutu iliyoanza kwenye maungio ya chesisi na mabomba ya breki, huku bodi ya juu inang'aa. Beba bisibisi, gonga polepole. Bati zima hulia. Lililooza hutoa mlio uliokufa, au bisibisi inazama.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mambrui: Asalaam aleikum mwalimu. Muuzaji anasema karatasi za Japani zilibaki yadi Mombasa. Nimwamini?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Huenda ni kweli, wengi hawazitunzi. Mwambie apige simu yadi wewe ukiwapo, waitume nakala kwa simu. Wakikataa, linunue kwa bei ya gari lisilo na historia, au liache.

Mwanachama wa Mokowe: Mimi niko huku Lamu, gari liko Malindi. Nauli ya kwenda na kurudi si mchezo. Nifanye nini kabla ya kusafiri?

Hatua ya 1 hadi ya 3, isipokuwa kupitisha kidole, unazifanya ukiwa kitini kwako. Omba picha ya chesisi iliyogongwa, ya logibuku, na ya dashibodi injini ikiwaka. Rekodi toa mwenyewe. Vikikubaliana ndipo upande basi. Pesa zisitangulie.

Mama wa Watamu: Mwanangu, nimeonyeshwa Hiace, wanasema ilikuwa ya familia. Moyo unakataa.

Shikamoo mama. Inua zulia utazame matundu ya boliti za viti. Yakiwa mengi kuliko viti, ilikuwa matatu. Angalia pia pembeni mwa raba za milango kama kuna mabaki ya ule mstari wa manjano wa tangu sheria za matatu za waziri Michuki, 2004. Kuwa matatu si dhambi, ila adai ripoti za ukaguzi wa kila mwaka, na bei ishuke.

Mwanachama wa Malindi mjini: Na lililotoka Uingereza? Naona Range Rover moja, inasoma 90,000.

Hapo una bahati. Ukaguzi wao huitwa MOT, kila mwaka kuanzia gari likiwa na miaka 3, na historia inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali yao, tangu 2005. Unahitaji nambari ya usajili ya kule, si ya Kenya. Muulize mwenyewe au tafuta kwenye karatasi za kuingizia. Utaona liliposhindwa na kwa nini. Ila 90,000 hiyo ni maili, karibu kilomita 145,000. Akikwambia ni kilomita, mwombe akuonyeshe alama iliyo pembeni ya tarakimu.