Kupaka mbegu bakteria wa rizobiamu kabla ya kupanda

Rizobiamu ni bakteria wanaokaa kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde na kuilisha naitrojeni ya hewani. Kwanza soma pakti yao, bakteria wa soya sio wa maharage, ukichanganya umekula hasara. Koroga sukari kidogo kwenye maji, nyunyizia mbegu zilowe kiasi cha kunata tu, halafu mwagia ule unga mweusi wa kwenye pakti wenye bakteria, ugeuze taratibu mpaka kila mbegu ivae koti, na fanyia kivulini maana jua linawaua hawa jamaa fasta, kisha panda siku hiyohiyo ufukie chapchap. Mbolea ya naitrojeni usimwage nyingi, mmea ukishiba hauna shida na bakteria tena. Maua yakianza chimba mche mmoja (usiung'oe, vinundu, yaani vile vivimbe vya mizizini wanamokaa bakteria, vitabaki udongoni), pasua kinundu kwa kucha: ndani pinki au wekundu, wanapiga kazi, ukikuta kweupe au kijani hamna kitu hapo.